Sarafu Ikiwa Hewani: Kwa Nini Sayansi Inawashinda Wanafunzi Wengi wa Sekondari

Chukua sarafu, irushe juu wima, kisha uidake inaporudi. Sasa muulize mwanafunzi yeyote aliyekwisha kusoma sheria za Newton: sarafu ikiwa njiani kupanda, imeshaachana na vidole lakini haijafika kileleni, ni kani zipi zinazoisukuma au kuivuta? Upinzani wa hewa tusiuhesabu.

Wengi watakujibu kwamba zipo mbili. Ya kwanza ni mvutano wa dunia, unaoivuta chini. Ya pili ni nguvu ya mkono, ambayo bado imo ndani ya sarafu na ndiyo inayoipandisha. Nguvu hiyo inapungua kidogo kidogo mpaka inalingana na mvutano, hapo sarafu inasimama, halafu mvutano unashinda na sarafu inaanguka. Ni maelezo yenye mantiki, yanafuatana vizuri, na si sahihi. Tangu sarafu ilipotoka mkononi, kani iliyobaki ni moja tu, mvutano wa dunia: wakati wa kupanda, pale kileleni, na wakati wa kushuka.

Mwanafunzi huyo huyo ukimpa karatasi na kumwambia aandike sheria ya kwanza ya Newton, ile isemayo kwamba kitu hutulia au huendelea na mwendo ule ule mpaka kani ikibadilishe, ataiandika bila kukosea hata nukta.

Mjadala wa kufeli sayansi kwa kawaida huanzia kwenye maabara zisizo na vifaa, vitabu vichache, walimu wasiotosha na vijana wanaosemekana kupenda njia za mkato. Hayo yapo, na sina nia ya kuyapuuza. Lakini naona tunaanzia pembeni. Wanafunzi wengi wanaanguka kwa sababu wanafika darasani tayari wana sayansi yao, waliyojijengea tangu walipoanza kutambaa, na shule inaweka sayansi nyingine juu yake bila kuzikutanisha. Ile ya juu inakuwa kama rangi iliyopakwa kwenye ukuta wenye vumbi. Swali la mtihani likiikwaruza kidogo tu, inabanduka.

Wala si balaa la nchi maskini peke yake. Katika upimaji wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2022, unaowahusu vijana wa miaka 15, takriban mwanafunzi 1 kati ya 4 katika nchi za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi, hakufikia kiwango cha msingi cha sayansi. Hizo kwa sehemu kubwa ni nchi tajiri, zenye maabara, umeme wa uhakika na walimu waliosomea kazi yao. Kwa hiyo vifaa haviwezi kuwa jibu zima.

Swali lililoulizwa Harvard

Mwaka 1985 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Ibrahim Halloun na David Hestenes, walichapisha walichokiona baada ya kuwapima wanafunzi kwa maswali ya fizikia yasiyo na hesabu hata moja. Hayakutaka fomula wala kikokotoo. Yalikuwa maswali ya aina ya ile sarafu yetu: kitu kinarushwa, kinaanguka, kinagongana na kingine, nini kinatokea na kwa nini? Mwaka 1992 Hestenes na wenzake wakatoa jaribio lililoboreshwa la kuchagua jibu, ambalo mpaka leo linatumika duniani kote. Ujanja wake uko kwenye majibu ya uongo. Hayakutungwa kiholela, yalitokana na yale ambayo wanafunzi wenyewe huyasema wakiachwa waseme.

Kabla hata ya jaribio hilo la 1992, Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, alikuwa amesoma ripoti ile ya 1985 na kuamini kwamba haimhusu. Wanafunzi wake walikuwa wateule, na mitihani yake walikuwa wakiifaulu. Akawapa maswali ya Halloun na Hestenes ili ajithibitishie. Kabla hawajaanza, mwanafunzi mmoja akamuuliza swali ambalo Mazur amelisimulia mara nyingi tangu siku hiyo: nijibu kama ulivyotufundisha, au nijibu kama ninavyofikiri mwenyewe?

Rudia kulisoma swali hilo. Yule kijana hakuwa na upungufu wa akili, vitabu wala maabara. Alikuwa na sayansi mbili kichwani, moja ya kumpa mwalimu na moja ya kuishi nayo, na alikuwa mkweli kiasi cha kuuliza inayotakiwa ni ipi. Matokeo ya jaribio yalimtikisa Mazur kiasi cha kubadili ufundishaji wake wote.

Ukubwa wa jambo hili ulionekana mwaka 1998, Richard Hake alipokusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 katika kozi 62 za fizikia za sekondari na vyuo. Alipima kitu rahisi: kati ya yale ambayo mwanafunzi hakuyajua mwanzoni mwa kozi, amejua sehemu gani mwishoni? Katika kozi za mtindo wa kawaida, mwalimu akieleza na darasa likinakili, jibu lilikuwa wastani wa asilimia 23. Yaani darasa lililoanza na alama 40 kwa 100, lenye pengo la alama 60, linamaliza kozi na alama kama 54 hivi. Vipindi vyote hivyo, daftari zimejaa, kazi za nyumbani zimesahihishwa, na robo tatu ya pengo bado iko pale pale. Ni kuteka maji kwa pakacha.

Hapa ndipo ninapopishana na wanaogawa wanafunzi katika makundi mawili, wenye akili ya sayansi na wasio nayo. Wale wa Harvard walikuwa wamefaulu kila mtihani waliowekewa. Ninavyoona, aliyefeli na aliyefaulu wa sekondari mara nyingi wana uelewa ule ule wa sarafu. Wanapishana kwenye kumbukumbu, mazoezi ya maswali yaliyopita na utulivu siku ya mtihani. Mtihani unamkamata mmoja na kumpitisha mwenzake.

Makosa yenye ukoo mrefu

Tunapenda kuyaita mawazo ya namna hii ujinga. Historia inakataa. Katika karne ya 6 John Philoponus wa Alexandria, akimpinga Aristotle, alieleza kwamba mrushaji anakitia kitu nguvu fulani inayokiendesha baada ya kuachiwa. Jean Buridan wa Paris akaikuza hoja hiyo katika karne ya 14. Hawa walikuwa miongoni mwa wanafikra wakali wa zama zao, na walichokisema ni karibu neno kwa neno anachokisema kijana wako kuhusu sarafu. Newton alichapisha sheria zake mwaka 1687, miaka kama 2,000 baada ya Aristotle. Na sisi tunataka mtoto aivuke miaka hiyo yote katika vipindi vinne vya dakika arobaini, halafu tunashangaa akishindwa.

Au chukua biolojia. Mti mkubwa una uzito wa tani kadhaa: vitu vyote hivyo vilitoka wapi? Wanafunzi wengi husema udongoni, kupitia mizizi. Mwaka 1648 yalichapishwa majaribio ya Jan van Helmont, aliyepanda mche wa ratili 5 katika ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ulifika ratili 169 na ushei. Udongo, ulipokaushwa na kupimwa tena, ulikuwa umepungua wakia kama 2 tu. Van Helmont akahitimisha kwamba mti umetengenezwa na maji. Alikosea naye, na kosa lake lina kichekesho ndani yake, kwani ndiye aliyebuni neno gesi na kuitambua ile hewa inayotoka makaa yakiungua, tunayoiita leo kaboni dayoksaidi, hewa ambayo ndiyo hasa iliyokuwa ikiulisha mti wake mbele ya macho yake.

Mwanafunzi wa leo anaweza kukuandikia mlinganyo wa usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, kaboni dayoksaidi upande huu, sukari upande ule, na bado akaamini kwamba mbao za meza anayoandikia zilitoka ardhini. Mlinganyo na meza havijawahi kukutanishwa. Hewa kwake ni kitu kisicho na uzito, basi itazaaje gogo?

Wazo la zamani haling'oki kwa kuambiwa tu kwamba ni kosa. Mwaka 1982 George Posner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walitoa hoja ambayo walimu wazuri waliijua kwa uzoefu: mtu haachi wazo lake mpaka kwanza limshinde kazi mbele ya macho yake, na lile jipya lieleweke, liaminike, na lionekane lina faida kuliko la zamani. Darasani sisi huanza na la mwisho. Tunatoa jibu jipya kwa mtu ambaye hajawahi kuona ubaya wa lile alilo nalo.

Maneno yanayosaliti

Rudi kwenye maelezo ya sarafu uangalie neno moja: nguvu ya mkono bado *imo*. Hicho kiambishi kidogo kinafichua fikra nzima. Nguvu imekuwa kitu, kama maji ndani ya mtungi, kinachoweza kuingia, kukaa na kuisha. Lugha ya kila siku inaruhusu, na tena inatusukuma tufikiri hivyo. Nguvu kwetu ni misuli, ni umeme, ni mamlaka, ni uwezo wa dawa. Fizikia imechukua eneo hilo hilo ikaligawa vipande: kani, nishati, mkazo, kasi ya kufanya kazi. Kila kipande kina kizio chake, na ole wako ukivichanganya.

Neno kazi nalo lina mtego wake. Mtu aliyesimama tuli saa nzima ameshika ndoo ya maji atakuapia kwamba amefanya kazi, jasho linamtoka. Fizikia inamwambia kwamba kazi aliyoifanyia ndoo ni sifuri, kwa sababu haikusogea. Uzito tunaupima kwa kilo, ilhali kwa mwanafizikia kilo ni kipimo cha tungamo, na uzito ni kani inayopimwa kwa nyutoni. Joto na halijoto, ambavyo mtaani ni kitu kimoja, darasani ni vitu viwili. Neno geni kabisa kama usanisinuru lina nafuu yake, maana mwanafunzi anajua halijui, ataliuliza. Neno analolijua tangu utotoni haliulizi. Analipitia huku akiamini ameelewa, na mwalimu naye anaamini hivyo hivyo.

Ukitaka kuona jinsi lugha na uzoefu vinavyoshirikiana kudanganya, gusa kitasa cha chuma na ubao wa mlango asubuhi, vitu vilivyolala chumba kimoja usiku kucha. Chuma ni baridi zaidi, mkono unasema. Kipimajoto kinasema vina halijoto moja. Mkono haupimi halijoto ya kitu. Unahisi jinsi joto lako linavyoondoka, na chuma kinalinyonya haraka kuliko ubao. Somo zima la upitishaji wa joto limo katika mguso huo mmoja. Lakini nimeona daftari nyingi zenye mistari miwili ya tafsiri ya upitishaji wa joto na mchoro wa fito za chuma, bila kitasa chochote kutajwa.

Sasa ongeza juu ya hayo lugha ya kufundishia ambayo si ya nyumbani. Hong Kong iliwahi kuwa na shule za sekondari zinazofundisha kwa Kiingereza sambamba na nyingine zinazofundisha kwa Kichina, kwa watoto waliotoka katika jamii moja. Herbert Marsh na wenzake waliwafuatilia wanafunzi zaidi ya 12,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Waliofundishwa kwa Kiingereza walipata faida kidogo katika lugha, lakini katika historia, jiografia na sayansi waliachwa nyuma sana. Katika hisabati, ambayo inategemea maneno kidogo, pengo lilikuwa dogo zaidi. Kwangu hilo la hisabati ndilo lenye ushahidi mzito: palipo na maneno mengi ya kufikiria nayo, ndipo hasara ilipokuwa kubwa. Mtoto asiyeweza kubishana katika lugha ya darasa hawezi kuitoa sayansi yake ya nyumbani ikaonekana. Atanyamaza na kukariri, na ukimya wake tutauita nidhamu.

Kugawanya kunakoongeza

Kemia ina mlango wake wa kuangukia, na mara nyingi mlango huo ni hisabati ya shule ya msingi.

Tazama swali la kawaida. Gramu 4 za haidroksaidi ya sodiamu zimeyeyushwa katika maji hadi ujazo wa mililita 500. Je, kila lita ya mchanganyiko huo ina moli ngapi, moli ikiwa kipimo cha wingi wa chembe? Moli 1 ya kitu hicho ina gramu 40, kwa hiyo gramu 4 ni moli 0.1. Mililita 500 ni nusu lita. Kama nusu lita ina moli 0.1, lita nzima ina 0.2. Kwa maneno, mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kuufuata mwendo huu.

Kwa alama mambo yanageuka. Mwanafunzi anaandika 0.1, anaandika 0.5, halafu anasita. Azidishe au agawanye? Wengi watazidisha, wapate 0.05, wapige mstari chini yake na kusonga mbele. Ukiwauliza kwa nini hawakugawanya, utagundua kisa cha zamani. Shule ya msingi iliwafundisha, bila kusema hivyo, kwamba kugawanya kunapunguza na kuzidisha kunaongeza. Kugawanya 0.1 kwa 0.5 kupate namba *kubwa* kunawaelemea. Hawajafeli kemia. Wamefeli desimali, miaka minne iliyopita, na hakuna aliyewarudisha.

Nje ya hesabu kuna mzigo wenyewe. Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow alieleza kwamba kemia inaishi katika ghorofa tatu kwa mpigo: inayoonekana kwa macho, kama unga mweupe ukiyeyuka, isiyoonekana, chembe zikiachana na kutawanyika, na ya alama, herufi na namba ubaoni. Mwalimu anapanda na kushuka ghorofa hizo katika sentensi moja bila hata kujua kwamba amehama. Anayejifunza hana nafasi hiyo. Mwaka 1956 George Miller alikadiria kwamba akili inashika vitu kama 7 kwa wakati mmoja, na tafiti za baadaye zimeshusha hesabu hiyo hadi karibu 4. Hesabu ya moli inadai zaidi ya hapo kwa mtu ambaye gramu, moli na lita bado ni vitu vitatu tofauti kichwani mwake. Kwa mwalimu vyote vitatu vimeshaungana kuwa kimoja, ndiyo maana anasema "hii ni rahisi tu," naye anasema kweli, kwake.

Ndipo zinapozaliwa njia za mkato. Ile pembetatu ya kufunika herufi moja ili kupata fomula, volteji juu, mkondo na ukinzani chini, wengi wetu tulipita nayo. Mimi niliichora juu ya dawati langu. Inafanya kazi vizuri sana mpaka siku unapokutana na mlinganyo wenye herufi nne na alama ya kujumlisha katikati. Hapo unatambua kwamba miaka miwili hukujifunza kuhamisha herufi, ulijifunza kufunika kwa kidole.

Mikono kazini

Maabara, basi. Kila ripoti huilia, na hakuna anayeweza kutetea kufundisha kemia kwa chaki tupu. Ila kuwa nayo hakutoshi, na hili halisemwi vya kutosha. Ian Abrahams na Robin Millar waliketi katika vipindi 25 vya vitendo katika shule za Uingereza na kuandika matokeo mwaka 2008. Walimu walifanikiwa sana kuwafanya wanafunzi watende walichotakiwa kutenda. Hawakufanikiwa sana kuwafanya wafikirie walichokitenda kwa kutumia mawazo ya somo. Vifaa vilipangwa, vimiminika vilimwagwa, majedwali yalijazwa. Kichwa kilikuwa kinafuata hatua, kama anayepika kwa kusomewa.

Harvard tena, mwaka 2004, Catherine Crouch, Mazur na wenzao walilinganisha wanafunzi walioonyeshwa jaribio mbele ya darasa na wasioonyeshwa kabisa. Waliotazama tu hawakuelewa zaidi ya wale ambao hawakuliona. Walioombwa kwanza kutabiri kitakachotokea, kisha wakatazama, ndio walionufaika, kwa gharama ya dakika mbili hivi. Utabiri unaitoa ile sayansi ya chini na kuiweka mezani, jaribio linaipiga, na mwenye nayo anaona ikipigwa. Asiyetabiri akiona matokeo husema "nilijua," hata kama hakujua.

Na katika maabara ambako alama hutolewa kwa kupata namba inayotarajiwa, wanafunzi hupika namba. Anajua jaribio la kitu kinachoanguka linatakiwa kutoa 9.8, yaani kasi kuongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, amepata 8.6, anarudi kwenye jedwali na kulirekebisha. Wakali watasema ni udanganyifu. Mimi nasema amesoma vizuri sana kile tunachokithamini. Ile 8.6 ndiyo iliyokuwa na somo ndani yake: saa ilichelewa kubonyezwa, hewa ilipinga, kimo kilipimwa vibaya. Imefutwa kwa kifutio.

Sekunde moja

Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, alirekodi vipindi vya sayansi na kupima kitu ambacho hakuna aliyekuwa amefikiria kukipima: baada ya mwalimu kuuliza swali, anangoja muda gani kabla ya kulijibu mwenyewe, kulirudia au kumgeukia mwingine? Wastani ulikuwa kama sekunde 1. Walimu walipozoezwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi zaidi walijitokeza, na wale waliohesabiwa kuwa wazito walianza kusema.

Sekunde moja inatosha kukumbuka. Haitoshi kufikiri. Darasa la sekunde moja linawazawadia wenye majibu yaliyokaririwa na kuwafundisha wengine wote kwamba sayansi ni ya wale. Wasichana huambiwa hivyo hata waziwazi, ingawa katika upimaji wa kimataifa wa hisabati na sayansi wa TIMSS wa mwaka 2019 kwa wanafunzi wa mwaka wa nane wa shule, nchi ambako wasichana waliwazidi wavulana katika sayansi zilikuwa nyingi kuliko ambako wavulana waliwazidi wasichana.

Haraka hiyo mwalimu hajaizua. Mtaala una mada nyingi, mtihani unakuja, mkaguzi anauliza umefika wapi, haulizi wameelewa nini. Kumaliza silabasi kumekuwa kipimo cha uchapakazi. Lakini Marc Schwartz, Philip Sadler na wenzao, waliochapisha utafiti mwaka 2009 kuhusu wanafunzi 8,310 wa vyuo 55 vya Marekani, walikuta kwamba waliowahi kukaa na mada moja ya sayansi mwezi mmoja au zaidi huko sekondari walifanya vizuri chuoni kuliko wenzao. Waliopitishwa juu juu kwenye kila mada muhimu hawakupata faida. Katika biolojia walirudi nyuma.

Mwalimu na kosa analolijua

Swali la walimu huwa linaulizwa kwa idadi na vyeti. Sadler huyo huyo aliuliza vingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, yeye na wenzake waliwapa walimu 181 wa sayansi maswali yale yale waliyopewa wanafunzi wao, na kuwaomba mambo mawili: toa jibu sahihi, kisha taja jibu la uongo ambalo wanafunzi wengi watalichagua. Kwenye maswali yenye dhana potofu iliyokomaa, mwalimu aliyejua jibu sahihi pekee hakuwasogeza sana wanafunzi wake. Aliyejua na kosa lao aliwasogeza.

Haya yanageuza mambo. Chuo cha ualimu kinampa mwalimu fizikia nyingi zaidi, nayo anaihitaji. Kisichompa ni ramani ya namna vijana wanavyofikiri kuhusu fizikia kabla yake. Hiyo haiko kwenye vitabu vya kiada. Iko kwenye makaratasi ya mitihani anayoyasahihisha usiku kwa kalamu nyekundu, akiweka kosa na kupita, bila kulisoma kosa lenyewe. Makosa yakirudiwa na wanafunzi thelathini kwa namna moja, hayo si uzembe wa watu thelathini.

Njia ambayo Mazur alianza kuitumia mwaka 1991 haihitaji mtambo. Unaweka swali la sarafu. Kila mmoja anachagua jibu kimya, anainua kidole kimoja, viwili au vitatu. Kisha anamgeukia jirani yake na kujaribu kumshawishi. Halafu wanachagua tena. Katika kozi zilizofundishwa kwa mitindo ya kushirikisha kama huu, Hake alikuta wastani wa asilimia 48, mara mbili ya zile za kunakili. Bado nusu ya pengo inabaki, tusidanganyane.

Kipindi cha namna hiyo kina kelele, na anayepita nje anaweza kudhani darasa limemshinda mwalimu. Ndani, msichana wa safu ya nyuma amesimama.

"Mwalimu, nguvu ya mkono bado imo."

"Imo wapi?"

"Ndani ya sarafu."

"Ikifika juu inakuwa imekwenda wapi?"

"Imeisha."

"Sawa. Ukiigusa sarafu ikiwa mezani, na ukiigusa ikiwa inaruka, utaona tofauti gani ndani yake?"

Mwalimu anangoja. Sekunde tatu, nne, tano. Darasa limetulia sasa.

"Lakini Mwalimu," msichana anasema, na safari hii hatazami daftari, "kama hakuna kinachoisukuma, mbona inaendelea kupanda?"